Gandhi na Sahani ya Jirani



Jumapili hii tunasoma habari za mtu ambaye hakuwa Mkristo, ingawa aliyapenda sana mahubiri ya Yesu ya mlimani. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa jambo ambalo limeingia katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza. Baadhi ya vijana wetu wameacha kula nyama. Mmoja anawahurumia wanyama, mwingine amefundishwa shuleni habari za mazingira, mwingine anasema tu kwamba moyo umekataa. Sisi wazazi tumekulia mahali ambapo mgeni huchinjiwa kuku, na sahani ikirudishwa na nyama yake tunaona tumekataliwa sisi wenyewe. Kijana naye anaona anachekwa. Hata kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada nimesikia maneno ambayo hayakupaswa kusemwa kati ya ndugu.

Kanisa la Rumi lilikuwa na shida hiyohiyo, na Mtume Paulo aliiandikia sura nzima, ya 14, katika waraka wake kwa Warumi. Isomeni nyumbani. Leo tumwangalie Gandhi.

Mtoto wa Porbandar

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa pwani ya Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa eneo hilo. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa sala na mfungo. Katika nyumba yao, kama katika nyumba nyingi za Wahindu wa Gujarat, nyama haikuingia jikoni kabisa.

Akiwa kijana wa shule alipata rafiki mwenye nguvu na mbio, ambaye alimwambia kwamba Waingereza wanawatawala Wahindi kwa sababu wanakula nyama. Mohandas alikuwa mwembamba na mwoga, akaamini. Wakaenda kando ya mto mahali pa faragha, akala nyama ya mbuzi kwa mara ya kwanza. Ilimshinda. Usiku ule akawa anaota kwamba mbuzi mzima analia tumboni mwake.

Hata hivyo aliendelea, mara chache, kwa muda wa kama mwaka mmoja. Kila akila huko nje, jioni ilimbidi amwambie mama kwamba hana njaa, tumbo halijatulia. Kilichomfanya aache ni uongo huo. Alijiambia kwamba siku moja, wazazi wakiwa wametangulia, atakula nyama hadharani. Angalieni jambo hili: wakati ule bado hakuona ubaya wa kula nyama. Aliona ubaya wa kumdanganya mama yake.

Njaa ya London

Mwaka 1888, akiwa na miaka 18, alitaka kwenda kusoma sheria London. Mama aliogopa, kama wazazi wetu walivyoogopa tulipoondoka. Mwisho alikubali baada ya kijana kuapa mbele ya mtawa kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. Aliondoka Bombay tarehe 4 Septemba akimwacha nyuma mke wake Kasturba, ambaye walioana wakiwa bado watoto, pamoja na mtoto wao mdogo.

Sisi tuliokuja nchi hii tukiwa wageni tunaweza kuelewa miezi yake ya kwanza. Mama mwenye nyumba hakujua ampikie nini. Asubuhi alipata uji wa shayiri akashiba, lakini mchana na jioni ilikuwa mkate, jemu na mchicha, naye aliona haya kuomba vipande zaidi. Rafiki mmoja aliyempenda kwa dhati alimsihi kila siku aachane na kiapo alichompa mama asiyejua maisha ya Ulaya. Jioni moja alimpeleka kwenye mgahawa mkubwa. Supu ilipoletwa, Mohandas alimwita mhudumu ili aulize kama ina nyama. Rafiki yake alikasirika, akamwambia kama hawezi kula kistaarabu atoke nje. Akatoka. Mgahawa wa wasiokula nyama uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa, hivyo alikaa na njaa. Lakini usiku uleule walikwenda pamoja kuangalia mchezo wa kuigiza kama walivyopanga, na urafiki wao haukuvunjika. Kila mmoja alibaki na msimamo wake.

Baadaye, katika kutembea kwake, aliuona mgahawa wa wasiokula nyama huko Farringdon Street. Pale alinunua kitabu kidogo cha Henry Salt kinachotetea chakula kisicho na nyama, akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike. Alipomaliza kukisoma, kiapo cha mama kikawa imani yake mwenyewe.

Alijiunga na Chama cha Wasiokula Nyama cha London, akaingia katika kamati yake. Mwenyekiti alikuwa A. F. Hills, mwenye kiwanda cha meli cha Thames Ironworks, ambacho timu yake ya mpira ndiyo iliyozaa West Ham United. Katika kamati alikuwemo pia Dk. Thomas Allinson, yule ambaye jina lake bado liko kwenye mifuko ya unga madukani. Allinson alifundisha uzazi wa mpango waziwazi. Hills aliona ni uchafu, akataka atolewe. Gandhi hakukubaliana na mafundisho ya Allinson, lakini aliona chama kiliundwa kwa ajili ya chakula, na mtu asifukuzwe kwa maoni yake mengine. Aliandika hoja yake kwenye karatasi. Siku ya mkutano aibu ilimzidi, mtu mwingine akamsomea. Upande wake ulishindwa. Lakini kijana wa miaka 21 alikuwa amejifunza kumtetea mtu asiyekubaliana naye.

Kijana wa miaka mitano na tufaha

Alirudi India mwaka 1891, na mwaka 1893 akapata kazi ya sheria Afrika Kusini. Meli yake ilipita kwetu: Lamu, Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine. Alikwenda kwa kazi ya mwaka mmoja, akaishi huko, kwa kwenda na kurudi, hadi 1914.

Huko Natal familia moja ya Kikristo ilikuwa ikimkaribisha chakula kila Jumapili. Mama wa nyumba alikuwa mwema na mcha Mungu. Siku moja Gandhi alianza kumsifia mtoto wao wa miaka mitano tufaha lililokuwa kwenye sahani yake mwenyewe, na kuidharau nyama iliyokuwa kwenye sahani ya mtoto. Mtoto akamfuata, akaanza kulisifia tufaha. Mama alihuzunika. Juma lililofuata alimweleza wazi kwamba mtoto sasa anaikataa nyama, na yeye anaogopa ataugua. Gandhi aliona mama ana haki juu ya mtoto wake. Akaacha kwenda kwa chakula, na urafiki ukaendelea.

Kitandani mwa mgonjwa

Hapa nasema kama muuguzi. Mwaka 1902, familia ikiwa Bombay, mtoto wao Manilal, mwenye miaka 10, aliugua homa ya matumbo pamoja na nimonia. Daktari alishauri mayai na supu ya kuku. Gandhi alikataa. Alimweleza mtoto, na mtoto akasema afuate njia ya baba yake. Akatibiwa kwa maji, kwa kufungwa shuka lenye maji na kunyweshwa maji ya machungwa, huku homa ikifika nyuzi 40. Baba mwenyewe alitembea barabarani usiku akisali kwa hofu. Mtoto alipona.

Wengine husimulia habari hii kama ushindi wa imani. Mimi siwezi. Antibayotiki zilikuwa hazijapatikana, na hata hiyo supu isingekuwa dawa ya homa ile. Lakini mtoto wa miaka 10 aliye na homa kali, akiulizwa na baba anayemheshimu, hajibu kwa uhuru. Jambo ambalo Gandhi alimkubalia yule mama wa Natal, kwamba mtoto asibebeshwe imani ya mtu mzima, hapa hakulitumia katika nyumba yake.

Habari ya Kasturba ni tofauti. Miaka michache baadaye alifanyiwa upasuaji Durban, akadhoofika sana. Daktari alimpigia simu Gandhi Johannesburg akiomba ruhusa ya kumpa supu ya nyama ya ng'ombe. Gandhi alijibu kwamba yeye hawezi kutoa ruhusa hiyo, lakini mgonjwa mwenyewe aulizwe, na akitaka apewe. Alipofika Durban aligundua kwamba daktari alikuwa amekwisha kumpa bila kumwambia. Kasturba alipoulizwa, alisema hataki hata kama atakufa, akachukuliwa akiwa dhaifu hadi makazi yao ya Phoenix. Alipona polepole. Sisi tunaofanya kazi wodini tunafundishwa leo kwamba mtu mzima mwenye akili timamu huamua kinachoingia mwilini mwake, na kumlisha kwa hila ni kosa, hata kama nia ni njema. Kasturba alikuwa na haki hiyo kabla haijaandikwa kwenye miongozo yetu.

Jiko moja la Tolstoy Farm

Mwaka 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach alitoa shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg kwa ajili ya familia za Wahindi waliokuwa wakifungwa kwa kupinga sheria za kibaguzi. Waliishi pale Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo, na walitaka kutumia jiko moja. Kwa Mhindu, ng'ombe ni mnyama wa kuheshimiwa kuliko wote. Lakini Gandhi alijua kwamba Waislamu na Wakristo wamezoea nyama tangu utoto, na alikwisha kuamua kwamba wakiomba nyama, hata ya ng'ombe, wapewe. Aliwaeleza kina mama hali halisi, ya fedha pamoja na ya moyo wake, akawaachia waamue. Wakakubali wenyewe jiko lisilo na nyama. Ramadhani ilipofika, vijana wa Kiislamu walifunga, na vijana wa dini nyingine wakafunga pamoja nao ili wasijione peke yao.

Kuwaachia watu waamue, ukiwa tayari kweli kupokea jibu usilolitaka, ni kazi ngumu. Nadhani ndiyo sababu shamba lile lilikaa kwa amani.

Kiapo kilichomshinda

Mwaka 1912 aliacha pia maziwa. Mwaka 1918 aliugua kuhara damu akakaribia kufa, na madaktari wakasema hatapata nguvu bila maziwa. Kasturba alimkumbusha kwamba alipoapa aliwaza ng'ombe na nyati, na mbuzi hakuwamo. Akanywa ya mbuzi, akayanywa hadi mwisho wa maisha yake, huku akikiri kwamba ameshika maneno ya kiapo na kuvunja roho yake.

Novemba 1931, akiwa kiongozi anayejulikana dunia nzima, alirudi kuzungumza na wasiokula nyama wa London, na mzee Henry Salt akiwepo. Hakuwapaka mafuta. Aliwaambia wawe wanyenyekevu, waache kuongea chakula na magonjwa tu, na wasijione bora kuliko wanaokula nyama. Alikiri pia kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kuishi bila maziwa.

Julai 1947, uhuru ukikaribia, watu walimtaka aunge mkono sheria ya kukataza kuchinja ng'ombe. Alikataa. Yeye hangechinja ng'ombe hata kidogo, lakini India ilikuwa nchi ya watu wa dini nyingi, na hakutaka imani yake ya Kihindu ilazimishwe kwa wengine kwa nguvu ya dola. Tarehe 30 Januari 1948 alipigwa risasi huko Delhi na Mhindu aliyeona amewapendelea mno Waislamu. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani.

Kwetu sisi

Mwaka huohuo wa 1948 wanasayansi walifanikiwa kuitenga vitamini B12, ambayo tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kijana aliyeacha nyama lakini anakula mayai na maziwa anaweza kuwa na afya njema kwa maharage, kunde, dengu na mboga za majani. Aliyeacha vyote hivyo anahitaji B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa. Nendeni naye kwa daktari wenu, mkaulize kwa utulivu, badala ya kugombana mezani.

Kwa chakula chetu cha pamoja, naomba mambo matatu. Sufuria ya maharage isitiwe kipande cha nyama kwa siri ili kuongeza ladha. Kila sufuria iwe na mwiko wake. Na kijana asiyekula nyama asimhubirie bibi aliyeamka alfajiri kupika pilau ya kanisa. Amshukuru, apakue kachumbari na maharage, akae karibu naye.

Bwana abariki meza zetu, na wote wanaozizunguka.