Freddie Mercury na Santuri ya Saa za Usiku

Katika toleo hili nimependa kuwasimulia maisha ya mtu aliyezaliwa Unguja, akafia London, na sauti yake ikasikika dunia nzima. Mtu huyo ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Nyimbo zake za baadaye wengi wenu mnazijua. Lakini mimi ni mkusanyaji wa santuri za zamani, kwa hiyo nitakaa zaidi juu ya santuri zake mbili za mwaka 1973, ambazo zilipotoka zilipata wanunuzi wachache.

Alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Bara Hindi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika kazi ya Serikali. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipelekwa Panchgani, Bara Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Huko pia alijifunza piano, na yeye na wavulana wenzake wanne wakaunda bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na kiwanja cha ndege cha London.

Maisha ya ugenini hayakuwa mepesi. Freddie alisomea uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Kisha yeye na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma, wakawa wanauza nguo kuukuu katika kibanda sokoni Kensington. Mwaka 1970 wakaungana na Brian May, mwanafunzi wa fizikia, ambaye gitaa lake alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, na shingo yake ikachongwa kwa ubao wa jiko la zamani la kuotea moto. Mwaka 1971 akaingia John Deacon, aliyesomea elektroniki. Freddie ndiye aliyechagua jina la Queen, na siku zile zile akajiita Mercury.

Basi walitaka kutoa santuri, lakini chumba cha kunasia sauti hukodiwa kwa saa, nao fedha hawakuwa nazo. Mwaka 1971 walipata bahati ya kwanza. Studio ya De Lane Lea ilikuwa ikijaribu mitambo mipya ikahitaji watu wa kupiga kelele, nao wakakubali kupiga bure ili wapewe nyimbo zao zilizonaswa. Mwaka 1972 wakachukuliwa na studio ya Trident, katika mtaa wa Soho. Studio hiyo ilitumiwa na watu wakubwa kama David Bowie na Elton John, waliolipa. Queen walipewa saa zilizobaki, wenye kulipa walipokwisha kwenda zao, mara nyingi usiku wa manane. Kwa neno moja, walilishwa makombo.

Naomba mwanafunzi asimame hapa kidogo afikiri. Mwingine angaliona ni dharau, akaenda zake. Hawa waliingia usiku, wakarudia wimbo mmoja mara nyingi, na asubuhi wakatoka na kipande kidogo. Hivyo, kipande kwa kipande, santuri nzima ikapatikana. Mwishoni mwa mwaka 1972 kazi ilikuwa tayari, lakini ikakaa miezi mingi ikingoja kampuni ya kuitoa.

Katika kungoja huko, fundi mmoja wa Trident, Robin Geoffrey Cable, alimwomba Freddie amwimbie nyimbo mbili za watu wengine, na May na Taylor wakasaidia. Santuri hiyo ndogo ilitolewa na EMI mwishoni mwa Juni 1973, si kwa jina la Freddie, bali kwa jina la mzaha, Larry Lurex. Haikuuzika. Leo wakusanyaji huitafuta kama lulu, kwa kuwa ndiyo santuri ya kwanza kabisa iliyotoka yenye sauti yake.

Majuma mawili baadaye, tarehe 13 Julai, 1973, santuri kubwa ya Queen ikatoka. Anayeishika leo huona mambo ya kupendeza. Jina la Deacon limepinduliwa likawa Deacon John. Na nembo ya bendi ilichorwa na Freddie mwenyewe, kwa elimu ile ya Ealing: simba wawili, kaa mmoja na vizimwi wawili wa kike, yaani nyota zao wanne, na juu yao ndege mkubwa. Watu hawakuijali sana. Mwaka 1974, ilipoingia katika orodha ya Uingereza, haikupita nafasi ya 24.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1975 wimbo wa Bohemian Rhapsody ulikaa juu ya orodha ya Uingereza majuma tisa. Tarehe 13 Julai, 1985, miaka kumi na miwili kamili tangu santuri ile itoke, Freddie aliimba Wembley mbele ya watu zaidi ya elfu sabini, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991, kwa ugonjwa wa UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 45. Maiti yake ikachomwa moto, baada ya ibada ya dini ya wazazi wake.

Ngoma za santuri ile ya usiku hazikumridhisha Taylor hata siku moja, kwa kuwa alipigia katika kijumba chembamba kilichomeza sauti. Mwaka 2024 wenzake walizitengeneza upya, wakaitoa tena santuri nzima. Mimi nimezisikiliza zote mbili. Ile mpya ni safi zaidi, lakini naipenda ya kale, kwa kuwa ndani yake nasikia vijana wanne wanaoharakisha kabla hakujapambazuka. Enyi wanafunzi, mkipewa makombo ya saa, msiyatupe.