Naylor Fitzhugh: MBA ya Harvard haikumpa kazi, akageuka kuwa njia ya wengine

Mwaka 1933 Howard Naylor Fitzhugh alimaliza MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Digrii yake ya kwanza pia aliipata hapohapo. Kwa vyeti hivyo, kampuni kubwa zingepaswa kumgombania.

Hakuna iliyomtaka. Fitzhugh alikuwa Mmarekani Mweusi, mmoja wa wachache kabisa waliokuwa wamepita katika chuo kile cha biashara tangu kianzishwe mwaka 1908.

Kipaji cha Washington

Alizaliwa mwaka 1909 jijini Washington, enzi za ubaguzi wa waziwazi. Watoto Weusi walisoma shule zao, Wazungu zao. Yeye alipita Dunbar, sekondari ya Weusi iliyosifika kwa walimu wakali na matokeo mazuri, kisha akapata ufadhili wa kwenda Harvard.

Kuingia aliingia, na kufaulu alifaulu. Shida ilianza alipotoka.

Ni kweli, mwaka 1933 hali ilikuwa mbaya kwa kila mtu. Uchumi ulikuwa umeanguka na karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Lakini kwa kijana Mweusi mwenye MBA, tatizo halikuwa uchumi peke yake. Kampuni za Wazungu hazikuwa na meneja wa rangi yake, wala hazikuwa na mpango wa kuwa naye.

Akarudi nyumbani

Fitzhugh alirudi Washington, akawa anauza huduma za uchapaji. Hapo ndipo alipojiunga na vijana wenzake katika New Negro Alliance, kundi lililoanza mwaka huohuo wa 1933. Hoja yao ilikuwa rahisi: duka linalochukua pesa za Weusi liwaajiri Weusi pia. Lisipotaka, wateja wasusie na mabango yasimame mlangoni.

Wenye maduka walikimbilia mahakamani. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kundi hilo lilikuwa na haki ya kuandamana mbele ya maduka hayo.

Miaka 31 darasani

Mwaka 1934 Fitzhugh alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Weusi kilichopo jijini humo. Alikaa miaka 31. Alijenga masomo ya masoko na akasaidia wafanyabiashara wadogo wa mtaani kupata ujuzi ambao kwingine wasingeupata.

Lakini kazi yake kubwa pengine haikuandikwa kwenye ratiba yoyote. Alikuwa akiwapima wanafunzi wake: nani anaweza kwenda mbali, na nini kinamzuia. Mara nyingi kizuizi hakikuwa akili. Mwanafunzi hakujua tu kwamba mlango ule upo.

Mmoja wao alikuwa Lillian Lincoln, binti wa shambani kutoka Virginia. Kabla ya Howard aliwahi kufanya kazi za ndani New York, na chuo alianza akiwa na miaka 22. Kwa hesabu za kawaida, nani angesema huyu ni mtu wa Harvard? Fitzhugh alisema. Ndiye aliyemweleza kuhusu chuo kile cha biashara na kumsukuma aombe.

Lillian aliingia mwaka 1967. Katika darasa la watu karibu 800, Weusi walikuwa 6 tu, na mwanamke Mweusi alikuwa yeye peke yake. Mwaka 1969 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata MBA ya Harvard. Baadaye alianzisha kampuni ya usafi wa majengo iliyokuja kuajiri zaidi ya watu 1,000.

Wachache waliozaa wengi

Yeye na wenzake wanne hawakukaa kimya. Mwaka 1968 walianzisha umoja wa wanafunzi Weusi, wakambana mkuu wa chuo, na wakatembelea vyuo vya Weusi kutafuta waombaji. Darasa lililoingia mwaka huohuo lilikuwa na Weusi zaidi ya 25.

Ndani ya mwaka mmoja akili za vijana Weusi hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu aliwafuata na kuwaambia waombe.

Fitzhugh mwenyewe alishaondoka Howard. Mwaka 1965 Pepsi-Cola ilimwajiri kama makamu wa rais, akisimamia masoko yaliyolenga wateja Weusi. Ilikuwa imepita miaka 32 tangu apate MBA yake ndipo kampuni kubwa ikampa kiti kinacholingana nayo.

Alifariki mwaka 1992. Leo Harvard ina nafasi ya uprofesa yenye jina lake, na wanafunzi Weusi wa chuo hicho wameliita jina lake kongamano lao la kila mwaka.

Anayeomba chuo kikubwa leo kwa kawaida hupiga hesabu za alama, mitihani na ada. Maisha ya Fitzhugh yanaongeza swali moja kwenye hesabu hiyo: ni nani aliyetangulia kupita pale, na je, ameshaulizwa?