ALESSANDRO VOLTA: MTU ALIYEKOROGA TOPE

Wahenga hawakukosea walipotuambia kuwa mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mpenzi msomaji, fuatana nami pole pole nikusimulie maisha ya Alessandro Volta. Jina lake unalisoma kila siku kwenye betri ya redio, pale palipoandikwa volti, bila kufikiri kwamba alikuwa binadamu kama mimi na wewe.

Kwanza nieleze kwa nini nimemchagua yeye. Huku kwetu Kitui kuna silanga ambamo ng'ombe na mbuzi hunywa maji. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, mapovu hutoka chini kwenye tope. Tulipokuwa wadogo nyanya alitukataza kwenda pale jioni, ati kuna kitu kinapumua mle ndani. Niliogopa miaka mingi. Siku niliposoma habari za Volta, woga ulinitoka.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari 1745 katika mji wa Como, kaskazini mwa Italia. Inasimuliwa kwamba alichelewa sana kusema, hata watu wa nyumbani wakahofu kuwa ni bubu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Jamaa zake walitaka asomee sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye umeme. Alipofika miaka 18 hivi alikuwa tayari akiwaandikia barua wataalamu wakubwa wa Ulaya. Hebu fikiria, huo ni umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne! Mwaka wa 1774 alipata kazi katika shule ya mji wa kwao.

Mwezi wa Novemba 1776 Volta alikuwa kando ya Ziwa Maggiore, mahali panapoitwa Angera. Pale ufukweni palikuwa na kinamasi. Alichukua fimbo akakoroga tope, na mapovu yakapanda juu. Watu wengine wangeendelea na safari yao, lakini yeye alijaza chupa maji, akaipindua juu ya mapovu, na ile hewa ikasukuma maji nje ikabaki ndani. Alipoiwasha, iliwaka pole pole kwa mwali wa buluu. Aliona kuwa haikuwa sawa na ile gesi ya haidrojeni, ambayo wakati huo ilikuwa tayari inajulikana. Akasema kwamba hewa hii inatokana na mimea na wanyama wanaooza majini. Hiyo ndiyo gesi tunayoiita methani.

Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mwaka wa 1800 alitangaza kazi iliyompa sifa kuu. Alipanga sahani za zinki na fedha moja juu ya nyingine, na katikati akaweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi, umeme ukatiririka bila kukatika. Hiyo ilikuwa betri ya kwanza. Mwaka uliofuata alimwonyesha Napoleon mjini Paris. Sifa hizo hazikumlevya. Alistaafu mwaka wa 1819, akarudi kwao, na tarehe 5 Machi 1827 akafariki akiwa na miaka 82. Mwaka wa 1881 wanasayansi wakakubaliana jina lake liwe kipimo cha umeme.

Lakini kuna jambo moja ambalo Volta hakulijua mpaka kufa. Hakujua ni nani anayeitengeneza ile gesi. Leo tunajua kwamba ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi mahali pasipo na oksijeni. Kwa muda mrefu viliitwa bakteria, lakini mwaka wa 1977 Wamarekani Carl Woese na George Fox walionyesha kuwa ni ukoo mwingine kabisa wa viumbe. Tena kuna bakteria wengine wanaokaa juu yao, penye oksijeni, ambao chakula chao ni hiyo hiyo methani. Hao huila nyingi kabla haijafika hewani. Kwa hivyo mmoja anapika na mwingine anakula!

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Katika Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, methani nyingi imejikusanya kwenye maji ya chini. Inakadiriwa kufika kilomita 60 za ujazo, na sehemu kubwa imetengenezwa na vijidudu hivyo. Tangu 2016 Rwanda inazalisha umeme kwa gesi ya ziwa hilo katika mtambo wa KivuWatt. Naona Volta angefurahi kweli, maana gesi yake na umeme wake vimekutana Afrika.

Na sisi Wakamba je? Mjomba wangu huko Makueni ana tangi la bayogesi. Anatia kinyesi cha ng'ombe na maji, anafunga hewa isiingie, na vijidudu vinafanya kazi. Shangazi anapika muthokoi bila moshi, na masalio yanaenda shambani. Huku kwetu mama bado anatembea mbali kutafuta kuni, na miti inakatwa kila siku kuchomwa makaa. Gesi hii ikiachwa ipande angani bure, inazuia joto la dunia lisitoke, zaidi ya mara 25 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito sawa. Dunia ikizidi joto, sisi wa ukame tutaumia kwanza. Ikichomwa jikoni, inatupikia chakula na kuuokoa mti. Nimeshamwomba baba tuchimbe tangi letu. Amesema atafikiri, na mimi sitachoka kumkumbusha.

Nikimalizia, juzi nilimweleza nyanya habari za silanga. Alicheka sana, halafu akaniuliza kama hivyo vijidudu vina uhai. Nikajibu ndiyo. Basi, akasema, si alituambia tangu zamani kwamba kuna kitu kinapumua mle ndani? Nilikosa la kujibu. Kumbe nyanya hakukosea sana. Alichokosa ni fimbo na chupa tu.