Hans von Kantzow, mutu aliyevalisha waya ngozi ya alumini

Ukiwasha resho ya umeme, ile waya yake ya kuzunguka-zunguka inakuwa nyekundu. Chuma ya kawaida ikikaa hivyo, hewa inaikula mbio, inaangusha maganda mpaka inakatika. Lakini waya ya resho inavumilia. Kati ya watu waliotafuta dawa ya shida hiyo, kuna injinia mumoja wa Uswidi, Hans von Kantzow.

Alizaliwa mwaka 1887. Katika miaka ya 1920 alikuwa Hallstahammar, mji mudogo wa viwanda vya chuma, magaribi ya Stockholm. Wakati ule waya za tanuru zilitengenezwa kwa nikeli na kromu, kama Albert Marsh alivyovumbua kule Marekani, akapewa hati mwaka 1906. Zilikuwa nzuri, lakini nikeli ni ya bei, na moto ukipita digri 1200 zinachoka.

Von Kantzow akatosha nikeli. Akachanganya chuma, kromu, na alumini kidogo tu, karibu asilimia 5. Inashangaza, sababu alumini peke yake inayeyuka kwa digri 660! Lakini ndani ya muchanganyiko ule, joto likipanda, alumini inatoka juu, inashikana na oksijeni ya hewa, inafanya ngozi nyembamba ambayo haiyeyuki hata kwa digri 2000. Ile ngozi njo inafungia hewa mulango. Ikipasuka, alumini ingine inatoka ndani kuziba. Siku alumini ikiisha, waya nayo imekwisha.

Mwaka 1931 kampuni yake ikaanzishwa: Kanthal, jina la Kantzow na la Hallstahammar pamoja. Waya zake za nguvu zaidi zinafanya kazi mpaka digri 1400, na tanuru nyingi za viwanda duniani zinazitumia.

Kasoro iko. Waya hiyo ikishazoea moto mukali, ikipoa inavunjika kama kijiti. Njo maana fundi akiikunja baridi, inakatika pengine. Na chumvi ya chakula kinachomwagika inaharibu ngozi yake. Kwa hiyo mama, sufuria ikifurika, chomoa kwanza, acha ipoe, halafu safisha polepole.

Von Kantzow alikufa mwaka 1979. Jina lake wengi hawalijui, lakini nusu yake ingali ndani ya jina la waya.