Edward Alleyn na Shetani wa Ziada

Edward Alleyn alizaliwa jijini London tarehe 1 Septemba 1566, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Kufikia mwaka 1583 alikuwa tayari katika kundi la waigizaji, na katika miaka ya 1590 alihesabiwa miongoni mwa waigizaji mashuhuri kabisa nchini Uingereza.

Mojawapo ya sehemu zilizompa sifa ni ile ya Faustus, msomi katika tamthilia ya Christopher Marlowe anayeiuza roho yake ili apate miaka 24 ya anasa na uwezo. Katika tamthilia hiyo Faustus huchora duara na kuwaita pepo kwa Kilatini. Msomaji wa leo huliona tendo hilo kuwa uigaji mtupu. Hadhira ya Alleyn haikuwa na utulivu huo. Sheria ya mwaka 1563 ilimhukumu kifo yeyote aliyewaita pepo wabaya, na watu walinyongwa kwa kosa la uchawi. Kwa wengi, maneno ya kichawi yalikuwa na nguvu yawe yametamkwa kwa dhati au kwa mzaha. Je, Shetani angejuaje kwamba aliyemwita anaigiza tu?

Hofu hiyo ilizaa visa. Ilisimuliwa kwamba mjini Exeter waigizaji wa tamthilia hiyo waligundua jukwaani shetani mmoja zaidi ya idadi yao. Walisitisha mchezo, watazamaji wakakimbilia milangoni, nao waigizaji wakakesha wakisali. Mwaka 1633 William Prynne, adui mkubwa wa maigizo, alichapisha kisa kama hicho kilichohusu London. Alleyn mwenyewe, kwa mujibu wa mshairi Samuel Rowlands, alimwigiza Faustus akiwa na msalaba kifuani.

Mwaka 1619 Alleyn, aliyetajirika kutokana na kumbi za maonyesho, alianzisha chuo huko Dulwich kwa ajili ya wanafunzi maskini 12 na wazee fukara 12. Alifariki Novemba 1626. Baadaye ilidaiwa kwamba chuo hicho kilikuwa nadhiri aliyoiweka baada ya kumwona shetani jukwaani.

Tukiyapuuza masimulizi haya kwa kuwa ni uzushi, tutapoteza ushahidi muhimu. Yanatuonyesha kwamba hadhira ile haikuja kutazama hatari ya Faustus kwa mbali. Iliketi ndani yake.