Herbert Chapman: Kocha Aliyeomba Miaka Mitano

Hapa Olympic ukitaka kuona watu wazima wakibishana kama watoto wadogo, pita karibu na ukumbi wa kuonyeshea mpira siku ambayo Arsenal inacheza. Fundi wa viatu, dereva wa matatu, mwanafunzi, hata mama muuza samaki, kila mmoja amekuwa kocha. Ukienda soko la Toi utazikuta jezi zile nyekundu zenye mikono myeupe zimetundikwa kwa wauza mitumba, na haziishi wanunuzi. Lakini hebu uliza ni nani aliyeamua mikono ile iwe myeupe. Kimya! Uliza ni nani aliyewavalisha wachezaji wake nambari mgongoni wakati wengine wakiona ni upuzi. Kimya tena. Mtu huyo alifariki mwaka wa 1934, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Jina lake ni Herbert Chapman, na ndiye ninayetaka kuwasimulia leo, hata ninyi mnaoshabikia Manchester United.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, karibu na mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Siku zile mtoto wa kiume wa kijiji kama hicho njia yake ilijulikana: ni kumfuata baba yake shimoni. Herbert alikuwa na kichwa chepesi, akapata nafasi katika chuo cha ufundi cha Sheffield kusomea uhandisi wa migodi. Kwa hivyo alikuwa na kazi ya heshima mkononi, na kandanda akaicheza pembeni.

Kama mchezaji, tuseme ukweli, hakuwa gwiji. Alihamahama kutoka timu moja hadi nyingine kama mpangaji asiye na kodi: Grimsby, Swindon, Northampton, Sheffield United, Notts County, Tottenham, na nyinginezo. Ndugu yake Harry ndiye aliyekuwa moto wa kuotea mbali, akachukua ubingwa wa ligi na timu ya Sheffield Wednesday. Herbert alijulikana zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano, ambavyo alivaa ili wenzake wamwone upesi uwanjani. Watu walicheka. Mimi nadhani hapo tayari ilionekana kwamba jamaa huyu alikuwa akiufikiria mchezo kwa namna yake.

Mwaka wa 1907 Northampton walimwita awe mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Timu ilikuwa imeburuta mkia katika Ligi ya Kusini misimu miwili mfululizo. Kufikia mwaka wa 1909 ilikuwa bingwa wa ligi hiyo hiyo. Jambo moja la Northampton sitalipita mbio. Mwaka wa 1911 Chapman alimsajili Walter Tull, kijana mweusi ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Barbados, naye mwenyewe alilelewa katika nyumba ya mayatima. Tull alikuwa amechezea Tottenham, lakini mwaka wa 1909 mashabiki wa Bristol walimtukana vibaya kwa sababu ya rangi yake, na baadaye timu yake ikamweka kando. Chapman alimchukua, na Tull akaichezea Northampton zaidi ya mechi 100 kabla ya kwenda vitani. Alikuwa afisa wa jeshi alipouawa huko Ufaransa mwezi wa Machi 1918, na mwili wake haukupatikana.

Mnamo 1912 Chapman alihamia Leeds City. Mambo yalianza kunyooka, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka. Kuanzia 1916 yeye alikwenda kusimamia kiwanda cha risasi na makombora mahali paitwapo Barnbow. Huku nyuma timu ikadaiwa kuwalipa wachezaji kinyume cha sheria wakati wa vita. Wakubwa wa ligi walitaka vitabu vya hesabu, timu ikakataa kuvitoa. Basi mwezi wa Oktoba 1919 Leeds City ilifukuzwa kwenye ligi, na wachezaji wake wakapigwa mnada katika hoteli moja ya mjini, kama vile viti na meza. Chapman naye alifungiwa asijihusishe na kandanda maisha yake yote.

Maisha yote! Alikuwa na umri wa miaka 41, mume wa mtu na baba wa watoto. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni moja mjini Selby, na mwishoni mwa 1920 hata hiyo kazi ikaota mbawa. Hapo mtu angesema huyu ameisha, na kama angeishia hapo leo hakuna ambaye angemjua.

Waliomwokoa ni Huddersfield Town, timu ya mji wa viwanda vya nguo. Walimtetea kwa hoja kwamba siku za malipo yale yeye alikuwa kiwandani Barnbow, wala hakuwa akiiendesha timu. Marufuku ikaondolewa, na mwaka wa 1921 akashika usukani. Mwaka wa 1922 Huddersfield ilinyakua Kombe la F.A. kwa kuilaza Preston bao moja kwa bila. Mwaka wa 1924 ikawa bingwa wa ligi, na 1925 ikawa bingwa tena.

Sasa ndipo tunafika Highbury, kaskazini mwa London. Arsenal ya 1925 haikuwa hii mnayoijua. Haikuwa imewahi kushinda kombe lolote kubwa tangu izaliwe. Msimu wa 1924 hadi 1925 ilimaliza ya 20 kati ya timu 22, yaani nafasi moja tu juu ya zile zilizoshushwa daraja. Mwenyekiti wake, Sir Henry Norris, alitangaza gazetini kwamba anatafuta kocha, na kwamba mwenye tabia ya kutegemea kununua wachezaji kwa bei ghali asijisumbue kuomba. Chapman aliomba, akaipata, na mara akaanza kununua wachezaji ghali. (Nacheka ninapoandika haya.) Alimnunua Charlie Buchan, mwenye umri wa miaka 33, kwa masharti ya ajabu: pauni 2,000 mara moja, halafu pauni 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Buchan akafunga mabao 21. Pigeni hesabu wenyewe.

Chapman aliwaambia wenye timu kwamba kuijenga Arsenal kungechukua miaka mitano. Hili ndilo nataka mlishike, kwa maana msimu wa kwanza ulimdanganya kila mtu.

Mwaka huo huo wa 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa lango ili asihesabiwe ameotea. Sasa wakatosha wawili. Mabao yakaanza kunyesha kama mvua ya masika, na mabeki wakabaki wakishangaa. Tarehe 3 Oktoba Arsenal ilikandikwa na Newcastle mabao saba kwa bila. Baada ya aibu hiyo Buchan na Chapman wakakubaliana: kiungo wa katikati arudi nyuma asimame baina ya mabeki wawili, na mshambuliaji mmoja ashuke kujaza pengo la katikati. Wachezaji wakijipanga hivyo, ukiwatazama kutoka juu wanachora herufi W na M. Timu zingine nazo zikaiga, na mpangilio huo ulidumu kwa miaka mingi. Arsenal ilimaliza msimu ikiwa ya pili, nyuma ya Huddersfield, vijana wake wa zamani, waliochukua ubingwa wa tatu mfululizo bila yeye.

Mashabiki wakadhani ukombozi umefika. Wapi! Msimu uliofuata Arsenal ilikuwa ya 11. Kisha ya 10. Kisha ya 9. Mwaka wa 1927 ilifika fainali ya Kombe la F.A. dhidi ya Cardiff ya Wales, ikafungwa bao moja la kusikitisha: kipa Dan Lewis, naye Mwelshi, aliudaka mpira ukamteleza ukaingia wavuni. Yasemekana jezi yake mpya ndiyo iliyoteleza, na tangu siku hiyo Arsenal hufua jezi za kipa kabla ya fainali. Chapman hakumfukuza Lewis; aliendelea kulinda lango la Arsenal. Hebu fikirieni kocha wa hapa kwetu akae miaka minne bila kombe, akiwa wa 11, wa 10, wa 9. Nani angemvumilia? Gor Mahia ilikaa miaka 18, kutoka 1995 hadi 2013, bila ubingwa wa ligi, na makocha walioingia na kutoka katika muda huo ni vigumu kuwahesabu kwa vidole.

Chapman alitumia miaka hiyo kukusanya watu mmoja mmoja. Eddie Hapgood alikuwa kijana aliyekuwa akisambaza maziwa, akamfanya beki wa kushoto na baadaye akawa nahodha wa Uingereza. David Jack wa Bolton alimgharimu pauni 10,890 mwaka wa 1928, na hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kununuliwa kwa bei ya namna hiyo. Husimuliwa kwamba siku ya mapatano Chapman alipanga na mhudumu wa hoteli awape wageni pombe kali ya kutosha, na yeye apewe glasi isiyo na kileo. Wageni wakachangamka, bei ikashuka. Mwaka wa 1929 akamleta Alex James, Mskoti mfupi mwenye kaptura pana kama sketi, na Cliff Bastin, aliyekuwa na umri wa miaka 17 tu. Kumi na saba! Yaani mtu wa kidato cha nne.

Basi msimu wa 1929 hadi 1930 ndio ulikuwa wa tano. Na katika ligi mambo yalizidi kuharibika, maana Arsenal ilimaliza ya 14. Lakini katika Kombe la F.A. ilikuwa habari nyingine. Kwenye nusu fainali Hull City waliwatangulia kwa mabao mawili, Arsenal ikasawazisha yote, halafu ikashinda mechi ya marudio. Fainali ikachezwa Wembley tarehe 26 Aprili 1930, na mpinzani alikuwa nani? Huddersfield Town! Kwa heshima ya Chapman timu mbili ziliingia uwanjani zikitembea sambamba, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla, na ambalo leo tunaliona kila fainali. Mpira ukiendelea, ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani iitwayo Graf Zeppelin ikapita juu ya uwanja. James aliupiga upesi mpira wa adhabu, akampa Bastin, akarudishiwa, akautia kimiani. Jack Lambert akaongeza la pili. Mbili kwa bila, kombe la kwanza la Arsenal, mwaka ule ule wa tano.

Baada ya hapo ilikuwa si mchezo. Msimu uliofuata Arsenal ilichukua ubingwa kwa pointi 66 na mabao 127, timu ya kwanza ya kusini mwa Uingereza kufanya hivyo. Mwaka wa 1933 ikauchukua tena. Mwaka huo huo mikono ya jezi ikawa myeupe. Nambari za mgongoni Chapman alizijaribu tangu 1928, na wakubwa wa ligi hawakuzikubali kwa wote hadi 1939. Aliweka taa za kuchezea usiku, wakamkataza kuzitumia kwa mechi za ligi. Aliweka saa kubwa ya kuhesabu dakika 45, wakamwambia inawavunjia marefa heshima, akaweka saa ya kawaida. Hata stesheni ya treni ya chini ya ardhi jirani na uwanja aliwashawishi wenye reli mpaka mwaka wa 1932 ikaitwa Arsenal.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Januari 1933 Arsenal ilifungwa mbili kwa bila na Walsall, timu ndogo ya daraja la tatu, na kijana Tommy Black akawa amesababisha penalti. Wiki haikuisha Black akauzwa Plymouth. Mimi naona hapo Chapman alikosea. Lewis aliyepoteza fainali nzima alisamehewa, Black akatupwa kwa mechi moja.

Mwisho wake ulikuja ghafla. Mwanzoni mwa Januari 1934 alisafiri kaskazini kutazama wapinzani, akarudi na homa. Daktari alimwambia alale. Yeye akaenda Guildford, kwenye baridi kali, kutazama timu ya tatu ya Arsenal ikicheza. Ikawa nimonia. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Januari, siku chache kabla ya kutimiza miaka 56. Alasiri hiyo hiyo Arsenal ilicheza Highbury na Sheffield Wednesday, wakatoka sare ya bao moja kwa moja.

Arsenal ilichukua ubingwa msimu huo wa 1934, na tena 1935, ikawa mara tatu mfululizo kama Huddersfield. Timu zote mbili yeye ndiye aliyezianzisha safari hiyo, na hakuwepo katika mwisho wa hata moja. Alizikwa Hendon. Jeneza lake lilibebwa na wachezaji wake: Hapgood, Jack, James, Lambert, Joe Hulme, na Cliff Bastin, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 21.