Mcheza Ugenini Asiyetuzwa

Kila Jumatatu asubuhi, katika majumba ya walimu na chini ya miti ya shule zetu, habari huwa moja: nani kamfunga nani katika ligi ya Uingereza. Mwanafunzi anayegugumia akiulizwa mwaka wa Mkutano wa Berlin hutaja bila kusita jina la kila mchezaji wa timu ambayo hajapata kuiona ila kwenye runinga. Sikusudii kumlaumu, maana kandanda ni tamu. Nakusudia kumsimulia kisa cha Mwafrika aliyekuwako ligi hiyo ilipokuwa bado changa, na ambaye jina lake ni nadra kutajwa darasani.

Arthur Wharton alizaliwa mwaka 1865 mjini Accra, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast na leo ni Ghana. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti mwenye asili ya Grenada, naye mamake alikuwa na nasaba ya kifalme miongoni mwa Wafante. Akiwa kijana wa makamo ya wanafunzi wetu wa sekondari, alipelekwa Uingereza kusomea kazi ya umishenari na ualimu. Jamaa zake walimtazamia arudi na Biblia na chaki mkononi. Lakini moyo wa kijana ulikuwa uwanjani.

Mwaka 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalihitimisha mkutano wao wa Berlin kuhusu Afrika, Wharton alikuwa akilinda lango la Darlington. Mwaka uliofuata aliushangaza umma wa Uingereza aliposhinda mbio za yadi 100 katika mashindano ya taifa kwa muda wa sekunde 10, na mwaka 1887 akatwaa taji hilo tena. Preston North End, timu iliyokuwa ikiogopwa kote nchini, ilimchukua awe kipa wake, na pamoja nayo akafika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1887. Husimuliwa kwamba alikuwa na vituko vingi langoni. Mara aning'inie kwenye mwamba wa goli, mara achutame kando ya mlingoti kisha achomoke ghafla kama mshale. Watazamaji walimiminika kumwona.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao hadi leo humsikitisha anayeisoma historia yake. Mwaka 1888 aliiaga Preston ili akimbie mbio za kulipwa. Mwaka huo huo klabu 12 zilikutana na kuanzisha ligi, ya kwanza ya aina yake duniani. Katika msimu huo wa 1888-89, Preston ilicheza mechi 22, ikashinda 18, ikatoka sare 4, na haikushindwa hata moja. Ilifunga mabao 74 na kufungwa 15 tu. Ilimaliza na pointi 40, huku Aston Villa iliyoshika nafasi ya pili ikiwa na 29. Fauka ya hayo, ilinyakua Kombe la FA bila kufungwa hata bao moja. Aliyekuwa langoni katika ligi ni Mwelisi James Trainer. Wharton hakuwamo.

Alirejea kwenye soka mwaka 1889 na kujiunga na Rotherham. Baadaye Sheffield United ilimsajili awe msaidizi wa kipa William Foulke, jitu la mtu ambaye hakuwa rahisi kumwondoa langoni. Hata hivyo, mwaka 1895 Wharton alipata kucheza katika Divisheni ya Kwanza, na ndiye anayekumbukwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kufika daraja hilo. Alistaafu mwaka 1902. Pulpiti alikwisha kuiacha, na uwanja nao sasa ukamwacha. Alishuka migodini kuchimba makaa ya mawe huko Yorkshire, na mwaka 1930 akafariki katika ufukara, akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake lilikaa miaka 67 bila jiwe wala jina, hadi mwaka 1997 watu wenye insafu walipolijengea. Mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa kwenye kituo cha taifa cha soka cha Uingereza. Tuzo zilikuja, ila mwenyewe hakuwako kuzipokea.

Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Wharton alicheza ugenini, na huenda wengine wakadhani hilo latosha kueleza masaibu yake. Mimi nasita. Je, sisi tunaocheza kwetu, tunawatuza wetu? Kuna shule ngapi zenye vikombe vilivyojaa vumbi kwenye kabati la mwalimu mkuu, na hakuna ajuaye majina ya vijana waliovileta? Tunamshangilia mwanafunzi mwenye mbio anapoiletea shule sifa, kisha tunamfukuza darasani kichwani kwa kuwa hajui hesabu, au tunamwacha asahau hesabu kwa kuwa ana mbio. Yote mawili ni dhuluma.

Waama, Wharton hakukosea kuwa na kipawa. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba miguu huchoka mapema kuliko akili, na kwamba kijana aweza kuwa na mpira na kitabu kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Nawe mwanafunzi, utakapoketi tena Jumatatu kuhesabu pointi za ligi ya Uingereza, mtaje na kipa huyu wa Accra. Kisha uulize ni nani waliowahi kuichezea shule yako mwenyewe, uandike majina yao kabla hayajasahaulika.